Daktari kamuuliza mtoto, si mimi

Shoga, nimeumbuka! Uso niuweke wapi?

Daktari kammulika binti yangu kooni, kaona usaha. "Hii ni bakteria, na inaambukiza. Ulianza kuumwa lini?"

Kasuku wangu huyo: "Juzi. Asubuhi mama ananipa dawa ya homa, ananiambia nisimwambie mwalimu."

NISIMWAMBIE MWALIMU! Mbele ya daktari! Nami nilikuwa na kikao kazini, ningemwacha na nani?

Daktari akauliza anasoma wapi. Kumtajia tu shule na darasa, akaweka tochi chini, akampigia mkewe: "Mtoto ameamkaje?" Kumbe mwanawe ndiye anayekaa naye dawati moja!

Sasa tuko nje tunangoja dawa, siwezi hata kukaa. Na huyu ananinong'oneza: "Mama, nirudi nimwambie huwa tunanywea chupa moja?"