Choo cha Basi Kimeacha Kuvuja

Nekesa,

Msitumie choo cha hili basi lenu mlilogeuza nyumba mpaka jioni. Gundi bado haijakauka. Chai iko kwa thamosi.

Ulipoenda sokoni Kitale, maji ya choo yalifika mpaka kwa godoro langu. Nikamkuta bwanako Muchiri amelala chini, mkono umezama nyuma ya choo. Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe huepukana kwa heshima, ati sasa wakutane chooni? Nikageuka nikimbie. Muchiri akaniita, "Mama, nimulikie, tafadhali." Si ningefanya nini, godoro lielee? Nikamulika. Akakaza nati, akapaka gundi, maji yakakoma, tukacheka mpaka basi likatikisika.

Nimeenda nyumbani kuona kuku. Ijumaa narudi. Mwambie aache kujificha nyuma ya usukani nikipita.

~~Mama yako~~
Mama yenu