Bangili ya Shaba

Kibondo, Jumapili mchana

Philemon wangu,

Habari za Kasulu na wanafunzi wako? Huku maharage tumeshayapura, na yule mbuzi aliyekula daftari lako amezaa mapacha. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu anakaa nayo kaka.

Siku tuliyomzika bibi walinipa bangili yake niioshe. Nikaivaa kidogo tu, nione. Ikagoma kutoka. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mawese, wapi! Mama akapiga vigelegele msibani. Kwetu shaba ni mtoto wa ardhi, na ikimganda mwanamke, haondoki tena kwenye ardhi ya ukoo. Bibi aliivaa miaka sitini na hakuwahi kulala nyumba nyingine.

Sasa funguo za ghala ninazo mimi. Barua ya posa ya wajomba zako imerudishwa, kwa heshima zote. Usije kubishana. Watakulisha vizuri, kisha watakusindikiza stendi wakicheka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nimekonda, Philemon. Jana nikiosha vyombo, bangili iliteleza yenyewe ikaanguka kwenye beseni. Nilikuwa peke yangu uani, na basi la Kasulu lilikuwa bado linapiga honi barabarani. Ndipo mama akaita kutoka ndani, "Mama!", kama alivyozoea kumwita bibi.

Nikaitika, huku nairudisha mkononi.

Wewe bado niite
Maximilla