Bwana Tope wa Sinki la Jikoni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Natumai kile kifua kimekuachia, na shemeji hajambo na makelele yake. Mimi ni mzima, ila pua ndiyo mgonjwa, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kitako nikuandikie wewe kama dada, kabla hujanisoma kwenye ripoti kama mkuu wa kitengo chetu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzibua mabomba. Siku ya kwanza kabisa uliniambia kila bomba kuu lina jini wake, na kwamba nikimaliza kazi nirudishe kikombe kimoja cha tope lile lile, apate pa kulala. Basi kwenye lile jengo la nyuma ya kiwanda cha ngozi sikurudisha. Dada, lile bomba! Nywele, mafuta yaliyoganda, plasta za vidonda, na uvundo unaoingia mpaka kwenye meno. Jini mwenyewe akatoka nusu mwili, kijivu, anatiririka kama uji uliochacha, akaanza kunisimanga kwamba nazibua kama mtu anayekoroga chai. Nilipandwa na hasira. Nikalisugua bomba kwa maji ya moto na sabuni mpaka likang'aa, na kikombe cha tope nikakimwaga juani.

Kumbe jini akikosa bomba humfuata aliyemfukuza. Labda uliniambia nami sikusikia. Nilifika nyumbani nikamkuta kwenye sinki langu la jikoni, kajikunja, ananiuliza kwa nini natumia sabuni mbaya hivi.

Miezi mitatu tukawa paka na panya. Mimi nikamwita Bwana Tope, yeye akaniita Bibi Deki. Nikikaa kula, anabeua. Akigusa sahani, naitupa. Akicheka, povu linamtoka puani. Ptuu! Hata sasa nimetema mate. Nilimmwagia siki chupa nzima, akasema imekosa chumvi.

Halafu kuna ule ukuta wa ghorofa ya tatu uliovuja mpaka mafundi wote wakanyoosha mikono. Nilikuwa nalalamika peke yangu jikoni, naye akaniambia ufa uko nyuma ya tangi la choo, tena upande wa kushoto. Nikaenda, nikaukuta. Ulinisifu mbele ya wenzangu, nami nikazipokea sifa zilizokuwa zake yeye. Tangu hapo akawa ananiuliza kazi imeendaje, na mimi, mjinga, nikawa najibu. Baadaye nikajikuta nawahi nyumbani. Naona aibu hata kuliandika.

Kisha ukaja waraka wako, kwamba jini yeyote asiye na bomba amwagiwe dawa ya kukausha, na anayekaa naye atie saini fomu ya kuthibitisha kwamba amemmwagia, au aache kazi. Nililipokea dumu la hiyo dawa, nikaliweka chini ya meza, siku nne sikuligusa wala sikumweleza kitu.

Siku ya tano narudi kutoka kazini mchana, nikalikuta dumu limeshapandishwa kwenye ukingo wa sinki, kifuniko kimefunguliwa. Bwana Tope kalipandisha mwenyewe, kumbe waraka niliouacha mezani alishausoma, na harufu ya ile dawa peke yake ilishamkausha vidole viwili. Alikuwa kafumba macho. Aliniambia nimwage upesi, kwa sababu mimi ni fundi mzuri na hataki nifukuzwe kazi kwa ajili yake.

Dada, nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, unateleza, una nywele za watu ndani yake. Nikatapika pale pale kwenye ndoo, na mkono sikuuachia. Nampenda. Bado ananuka, usifikiri mapenzi yameniziba pua. Nampenda hivyo hivyo na kinyaa changu.

Kwa hiyo fomu iliyo mezani kwako ni ya uongo. Saini ni yangu, dawa sikumwaga. Kunifukuza una haki, sitabisha. Ila nakuomba usitume mtu mwingine na dumu. Njoo wewe mwenyewe, ukae jikoni kwangu, uzungumze naye japo kwa muda wa kikombe cha chai. Ukiona bado unaweza kummwagia, nitakaa kando.

Wasalimie shemeji na wanao wote. Mama mwambie tu nimepata mtu, anajua mambo ya maji.

Ni mimi mdogo wako, ninayekusubiri mlango wazi.