Sumu Niliyoificha Nyuma ya Banda

Jumamosi, Aprili. Mvua ilikata asubuhi, jua likatoka kali, na mikono yangu imechubuka kwa waya. Nimechoka, tena nina aibu. Ngoja niandike kabla sijaanza kujitetea.

Panya walikuwa wameshanimalizia vifaranga saba. Mbegu ya kuku hawa ni ya marehemu mama, niliichukua kwake Usoke baada ya matanga. Kila kikipotea kifaranga, naona kama mama anaondoka tena. Basi Jumatano nikanunua sumu kwa mmachinga, vipunje vyekundu, nikaiweka sehemu nne nyuma ya banda, karibu na uzio. Nikajiona mjanja, maana kuku wangu nimewafungia ndani.

Wa jirani sikuwawaza kabisa.

Jirani yangu ni Bi Tatu. Mzaramo, aliolewa hapa Tabora zamani, sasa ni mjane na anakaa na wajukuu wawili. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na hanionei haya. Leo asubuhi kaja na koleo na waya, hata shikamoo yangu hajaitikia sawasawa, kaanza: "Mtani, wewe hufugi kuku. Unafuga panya, kuku ni kitoweo chao."

Nampenda mama huyu, jamani. Kaingiza kidole gumba kwenye wavu wangu, kikapita. "Panapopita hiki, kipanya kinapita." Tukauvua wote, tukafunga wavu wa matundu madogo, ule wa kuchekechea mchanga. Kaviringisha bati laini kwenye miguu ya banda ili panya wateleze. Pumba nilizokuwa nikiziacha kwenye gunia kazihamishia kwenye debe lenye kifuniko, na kaniagiza niwape kuku kiasi cha kumaliza, jioni bakuli liingie ndani. Ana mtego wa kubana, kauweka ndani ya sanduku la mbao lenye tundu dogo, kuku asifike. Umri wake wa kupumzika, lakini alilala kifudifudi kwenye matope akitafuta mashimo, huku ananisema kwa nini nimerundika matofali kama napangisha vyumba.

Kisha akauliza kama nimeweka sumu.

Nikasema sijaweka. Loh! Ulimi ulitoka haraka kuliko akili. Nilijiambia nitaiokota akiondoka. Akaondoka, nikala, nikasinzia.

Alasiri nikamsikia ng'ambo ya uzio akiita mjukuu alete kisu. Nikachungulia. Jogoo wake mwekundu alikuwa amekaa chini, shingo imelegea, mate yanamtoka. Bi Tatu alidhani ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Alitaka kumwahi asije akafa kibudu, angalau watoto wapate mchuzi. Sufuria ilikuwa tayari jikoni.

Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Nilijua pia nani angekula.

Nikapita kwenye uzio, nikamshika mkono wenye kisu. "Bi Tatu, usimchinje. Nilikudanganya. Sumu niliweka."

Akaweka kisu chini. Hakunitukana, hakunitania. Akawaita wajukuu, akawauliza kama wameokota kitu chochote nyuma ya banda, akawanusa viganja, akawanawisha kwa sabuni mara mbili. Ndipo akanigeukia.

"Ziko ngapi?"

"Nne."

"Twende."

Tukaokota kwa mifuko ya nailoni mkononi. Sehemu tatu tulizipata upesi. Ya nne, chini ya matofali, ilikuwa imetawanyika, tukaokota punje moja moja, magoti chini, mpaka udongo ukabaki udongo. Tukakuta na panya wawili waliokufa, ambao kuku yeyote angeweza kuwadonoa. Kuku wake akawafungia. Jogoo alikufa kabla ya magharibi. Nikachimba shimo mwenyewe, refu, mbwa wasifukue, tukamfukia na panya na sumu yote.

Nilianza kuomba msamaha nikashindwa, nikabaki nalia na jembe mkononi. Nilisema achukue jogoo wangu, achukue na tetea, hata mbegu ya mama. Alikuwa ananawa miguu bombani. Akaendelea kusugua matope bila kunitazama, nikaona basi, nimempoteza.

Halafu akajifuta kwa khanga, akasema: "Enzi zile nyinyi Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka kwetu pwani. Leo mnataka kutubeba sisi mpaka makaburini?"

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Akanipokonya jembe, akalipeleka kwake, kwa kuwa mtani haombi, na akaniambia nikalifuate kesho baada ya chai.

Nitakwenda mapema. Chai nitainywa kwake.