Mtafiti Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya tatu imerudi. Dokta Mushi, msimamizi wangu, kaichafua kwa wino mwekundu. Lugha haina shida. Shida ni vyanzo. Kila nilipoandika "mtafiti mmoja anaeleza", yeye pembeni kaandika: Nani? Ukurasa wa mwisho kaandika kwa herufi kubwa: NANI?

Namjua ni nani. Ni dada yangu Aika.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda maktaba, Moshi mjini. Nilikuwa natafuta mtu mwingine yeyote aliyekusanya majina ya mifongo ya Machame, ile mifereji ya zamani inayoshusha maji mashambani. Hakuna. Wazee waliomtajia Aika majina hayo wengi wameshazikwa. Imebaki tasnifu yake tu, aliyoiandika alipokuwa Dar.

Nimeisoma tena. Hata koma anaziweka kama anavyoongea. Nimemkumbuka mno.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Dokta ukweli. Kwamba Aika aliolewa na Mkatoliki wa Rombo bila baraka za nyumbani. Kwamba baba ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa damu, na tangu siku ile jina la Aika halitajwi kwetu. Kwamba baba husoma kila sura ninayoandika. Mwalimu mstaafu, hawezi kuona karatasi akaipita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole, Neema. Lakini ukitumia kazi ya mtu ukaficha jina lake, huo ni wizi. Hata awe dada yako."

Halafu lingine. Ramani ya mifongo aliyoichora Aika haiingii bila ruhusa yake ya maandishi. Kazi iwe mezani kabla mwezi haujaisha, la sivyo nisubiri mwakani.

Nimetoka na hasira. Anasema kweli, ndiyo maana.

Jumamosi, 8 Machi
Namba ya Aika haipatikani tangu zamani. Kwenye tasnifu kuna anwani yake ya barua pepe. Nimeandika, nimefuta. Nikaandika upya kama mwanafunzi anayemwomba ruhusa mtafiti asiyemfahamu, kwa heshima zote. Mwishoni nikashindwa. Nikaongeza: Shikamoo dada. Mama anakuota.

Nikatuma.

Alhamisi, 13 Machi
Kimya.

Mvua zimeanza. Mama kaniuliza mbona sili. Nimesingizia kichwa.

Jumanne, 18 Machi
Amejibu. Mistari michache. Ruhusa katoa, ramani niitumie. Ana sharti moja: "Andika jina langu lote, na la baba katikati. Sikulikana mimi."

Anafundisha shule ya msingi Tarakea. Ana mtoto wa kike.

Tarakea. Miaka yote hii nilidhani amehama nchi. Kumbe yuko upande wa pili wa mlima huu huu. Asubuhi tunautazama wote, kila mtu na upande wake. Nimelia bafuni, nimefungulia maji nisisikike.

Jumamosi, 22 Machi
Nimefuta "mtafiti mmoja" kote. Kwenye marejeo nimeandika: Swai, Aika Eliawony. Jina la baba limekaa katikati, kama alivyotaka.

Nikampelekea baba. Nimeogopa kuliko nitakavyoogopa mbele ya watahini. Alisoma barazani. Mchana ndizi zake za machalari zilipoa. Alasiri akaniita. Akauliza kama kazi hii yote ya majina aliifanya yeye; jina la Aika hakulitaja. Nikasema ndiyo, baba.

Akavua miwani. "Sikuwahi kuisoma," akasema.

Nikaingia ndani, nikamletea ile tasnifu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumanne, 25 Machi
Nimekabidhi kazi. Dokta kapekua marejeo kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Nilitegemea nitafurahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtafuta mtu wa kumwambia, na mtu mwenyewe ni Aika.

Nyumbani nimemkuta baba ameimaliza tasnifu. Hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya. Aliuliza mwandishi anaishi wapi siku hizi. Nikamwambia. Kisha akauliza mabasi ya Tarakea yanaondoka saa ngapi.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakusogea.

Jumamosi, 29 Machi
Baba kaondoka alfajiri. Koti la kanisani, mkungu wa ndizi mchare begani. Hakusema anakwenda kufanya nini. Sisi hatukuuliza.

Mvua imepumzika. Mama kafagia chumba cha nyuma, kilichokuwa cha Aika, katoa godoro, kalianika juani. Hakuna aliyemwambia. Anakwenda jikoni, anarudi, analigeuza upande wa pili.