Setilaiti Uliyomwahidi Mama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Jana nilikwenda Magu kufyeka nyasi kwenye kaburi lako na la Mama. Pale maneno yalinikwama, ndiyo maana leo naandika.

Mwaka ule Mama alikuwa kitandani nyumbani kwetu Igogo, Mwanza, kifua kinambana. Kaka Deo alikuwa anasoma Ulaya, na barua zake zilichukua wiki nyingi kufika. Wewe, fundi wa simu, ukaja na habari kutoka kazini: inarushwa setilaiti mpya ya kupitisha simu za ng'ambo.

"Mama Deo, utamsikia mwanao kwa sauti yake," ulimwambia. Mama alicheka hadi akakohoa.

Siku ya kurushwa uliweka redio kwenye stuli karibu na mto wake. Mtangazaji akasema roketi imelipuka muda mfupi baada ya kuruka, na setilaiti imeangukia baharini. Ulizima redio, mkono ukabaki palepale. Mgonjwa ndiye aliyekubembeleza: "Hakufa mtu, Baba Deo. Watatengeneza nyingine."

Walitengeneza. Mama hakuifikia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mazishini nilikupigia kelele mbele ya watu: "Ulisubiri simu badala ya kumwita Deo arudi!" Uliendelea kufukia kaburi. Baada ya hapo nilikuamkia, nikakupikia, hata nikakuuguza mwishoni, lakini sikuwahi kukaa nawe tukaongea.

Mwezi uliopita Deo alistaafu kazi huko Ulaya na kurudi Mwanza. Akanipa barua uliyomwandikia baada ya kumzika Mama. Niliujua mwandiko wako kabla sijasoma neno.

"Mama yako alinikataza kukwambia anaumwa. Alisema ukijua utaacha masomo. Nilitegemea simu ile, kwamba akisikia sauti yako atalegea, aniruhusu nikuite. Mdogo wako asijue. Acha anilaumu mimi, asije akamlaumu mama yake."

Miaka yote hiyo ulipokea sahani mkononi mwangu, ukasema tu, "Asante, mwanangu." Nami nikadhani ni hatia iliyokufunga mdomo.

Simlaumu Mama, Baba. Nimemlilia. Wewe nimekulilia upya, kwa sababu nilipokuzika sikulia.

Nisamehe. Ningekuwa na dakika moja tu na wewe, ningekaa.

Lala salama, Baba.

Binti yako, kitindamimba