Moshi Niliouita Masizi

Mama Kandida,

Mpe mama shikamoo yangu. Huku Kidatu mimi mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Jumapili mhandisi wetu Mskochi alituita mafundi kwake tuonje wiski. Ya Ayalandi ilikuwa laini. Ya Marekani, ya mahindi, tamu kama ina asali. Nikaigida yote mara moja. Wakanicheka, "Baba Kandida, hiyo hainywewi kama komoni!" Kusema kweli nilifurahi.

Halafu mhandisi akatoa ya kwao. Nikanusa: moshi mtupu! Nikamuuliza, "Imeungua?" Akasema hapana, kimea wanakikausha kwa moshi makusudi, ndiyo maana ni ghali. Wenzangu wakasifu, "Wazungu wana akili!"

Nilitaka kupasua ile glasi. Kimea cha pombe yako ya komoni si ulikuwa unakikausha darini, juu ya moto? Na mimi mpumbavu nikamwaga pipa lako zima mbele ya wateja, mtaa wote wa Viwanja Sitini ukisikia, nikisema unauza maji ya masizi. Ulilia, ukaacha kupika pombe, na mimi sikukuomba hata radhi.

Nimekosa, mke wangu. Nimeandika kwenye kadi isiyo na bahasha makusudi. Nilikutukana hadharani, basi hata wa posta wasome. Ikifika, wasomee na wale wateja kwa sauti.

Halafu kausha tena kimea darini, kwa moshi uleule. Nikirudi nitakaa benchi moja na wateja wako, nawe unimiminie mimi wa mwisho.

Baba Kandida